Maji ya Mukimo

Kila ninapochemsha majani ya malenge pamoja na viazi nipate kuponda mukimo, harufu ile, nusu shamba lililonyeshewa na nusu sufuria kuukuu, hunirudisha nyuma ya nyumba ya nyanya yangu kule Kitengela, penye meko ya mawe na moshi wa mkaratusi. Kuna watu ambao utoto wao hunukia asumini. Mimi nimesoma hadi chuo kikuu, nikabaki huko kuwachosha wengine kwa mihadhara, na bado kumbukumbu yangu inayonukia vizuri kuliko zote ni ya maji ya viazi yaliyomwagwa mchangani. Sogeeni kidogo niwaeleze yalivyomwagika, na aliyeyamwaga.

Tulikuwa tukiishi Kajiado mjini. Baba aliuza dawa za mifugo, mama alishona sare za shule, na katika chumba cha mwisho cha ploti yetu aliishi Birgit, msichana kutoka Denmark aliyekuja kufundisha hesabu kwa kujitolea katika shule ya wasichana. Sisi tulimwita Mwalimu. Akina mama Wamaasai wa sokoni walimwita Nasieku, yaani aliyefika mapema, kwa sababu alifika sokoni kabla ya wauzaji kutandika magunia. Jioni alikula kwetu. Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, ustadi ambao mama aliupiga marufuku siku hiyohiyo, na ambao ninao mpaka leo.

Sasa, mjue kwamba mji wetu haukukosa sherehe, na hakuna sherehe iliyokamilika bila Mwalimu. Mwenye hafla aliyempata Birgit alijiona amepata nguzo ya ziada ya hema. Alialikwa kila mahali, na kila mahali aliwekwa meza kuu, penye kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Mimi niliwekwa kando yake niwe mkalimani, kwa kuwa nilikuwa darasa la nne na nilisemekana najua Kiingereza. Kiingereza changu kilitosha kueleza kwamba hii ni kalamu. Kiswahili cha Birgit wakati huo kilikuwa kimenipita mimi na nusu ya walimu wangu. Hata hivyo hakuna aliyeuliza, nami sikuona haja ya kuwasumbua watu na ukweli. Nilivaa soksi nyeupe, nikapewa soda yenye mrija, nikatazama watoto wenzangu waliokaa kwenye nyasi kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani.

Sikukuu ya Jamhuri tulikaa karibu na DO, mkuu wa tarafa. Siku ya Idi tulialikwa kwa Mzee Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe. Wanawake wa nyumba ile walikuwa ndani wakipika mikate ya anjera na kucheka hadi ukuta ukatikisika, lakini Birgit alitolewa kochi zima uani, akakalishwa na wazee waliozungumza bei ya ndama. Harusi ya Kimaasai upande wa Ilbisil, kijana mmoja alitumwa kanisani akaja na kiti kichwani, Birgit akaketi peke yake katikati ya boma, juu ya watu wote, kama hakimu. Akina mama walikuwa wakiimba, shanga zikirukaruka mabegani. Nilimwona akiinuka taratibu, mguu umeshaanza kushika wimbo. Mkono wa mtu ukamgusa begani kwa upole.

"Kaa tu, Mwalimu. Usichoke."

Akakaa. Mimi nilishukuru, maana akisimama yeye ningesimama pia, na soda yangu ilikuwa bado nusu.

Jioni moja alimuuliza baba juu ya methali aliyoikuta kitabuni, ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba akamweleza kwa furaha, kwa kuwa alipenda kueleza. Birgit akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jembe lake liko wapi. Tukacheka sana. Yeye pia alicheka, lakini alimaliza kabla yetu.

Mwaka ulipokaribia kuisha alikuja karibu na cherehani ya mama, akasema mkataba wake unakwisha Desemba, ameulizwa kama ataongeza, naye atajibu hapana. Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Kwani tumekukosea, Mwalimu?"

"Hapana, Mama Wairimu. Hakuna mtu amewahi kunikosea hapa. Hata siku moja."

Mama alilichukua jibu hilo kama sifa, akatulia. Mimi sikutulia. Nililia chooni, na kwa kuwa sasa ni mtu mzima naweza kukiri kwamba machozi yale hayakuwa ya soda peke yake. Nilihesabu nani angekaa nami kwenye ngazi jioni, nikakosa hata mmoja.

Ndipo ikaja ruracio ya shangazi yangu mdogo, Nyambura, siku ambayo watu wa mume wangeleta mahari nyumbani kwa Cucu, nyanya yangu, kule Kitengela. Siku hizo Kitengela haikuwa na maghorofa haya yaliyosongamana. Nyuma ya ua wa Cucu kulikuwa na nyasi tupu, na nyumbu walipita wakitutazama kama wageni waliokosa mwaliko. Kilichokosekana ni maji. Yaliletwa kwa mkokoteni wa punda, mtungi kwa mtungi, na Cucu alijua kila kikombe kimekwenda wapi. Maji yaliyonawiwa mikono yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yalinywesha sukuma wiki.

Jikoni alikuwa Tata Njoki, dada mkubwa wa baba, aliyekuja alfajiri kutoka Matasia na mwiko wake mwenyewe. Tata Njoki aliwahi kumgombeza mchungaji kwa kufunua sufuria kabla ya wakati, mchungaji akaomba radhi mbele ya waumini. Hakuwa amewahi kumwona Birgit wala kusikia habari zake. Na siku hiyo hakuwa na habari na wageni wa heshima. Alikuwa na habari na viazi, magunia mawili, na wasichana wa kumenya walikuwa wamekimbilia kumtazama Nyambura akivishwa.

Akatokea upande wa hema akifuta machozi ya moshi, akaona mtu amekaa meza kuu kando yangu, mikono mitupu.

"Wewe wa sketi ya bluu," akasema. "Umekuja kuolewa ama kusaidia?"

Birgit alitazama nyuma yake kuona anayeambiwa. Kisha akainuka haraka hata kiti kikaanguka. Hakukuwa na mtu karibu wa kumgusa bega. Nilimfuata nikitetea cheo chetu, na kabla sijafungua kinywa Tata alinituma kuni.

Alipewa kisu. Alimenya kiazi kimoja kwa utulivu mkubwa, akakizungusha, akatoa kila doa, kikatoka laini kama yai.

"Unachonga sanamu?" Tata akauliza. Wanawake wakacheka, Birgit akainamisha kichwa, akaongeza mwendo. Nilisimama na kuni zangu nikiona aibu kwa niaba yake.

Mahindi, viazi na majani ya malenge vilipoiva, wakwe walikuwa wameshafika. Wanawake wetu walikuwa wamefunga lango, kama desturi ilivyo, wakiwajibu kwa wimbo, kwamba hawaingii mpaka waimbe vizuri zaidi. Tata akamwambia Birgit achuje sufuria kubwa upesi kabla ya kuponda, akageuka kutafuta chumvi. Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua kwamba maji yale huchujwa pembeni na kuwekwa, ndiyo hulainisha mukimo wakati wa kuponda, ndiyo yenye rangi na ladha yote. Kwao Denmark, Birgit aliniambia baadaye, maji ya viazi humwagwa. Akashika sufuria kwa matambara mawili, akaiinamisha kwa nguvu zake zote, na mto wa kijani ukapita kati ya mawe ya meko, ukawasalimu kuku, ukazama katika mchanga wa Kitengela.

Waliokuwa langoni waliacha ubeti katikati.

Tata Njoki hakupiga kelele. Alisema polepole, na kila mtu alisikia. Alimuuliza Birgit kama anajua punda ametoka wapi na maji yale. Alimuuliza kama kwao kuna mto jikoni. Alimwambia ana mikono mirefu na akili ya kuku, kwamba wageni watakula chokaa, na kwamba asisimame pale kama mlingoti bali achukue mtungi akachochee moto, achemshe mengine, na safari hii akimwaga hata tone atalifuata mchangani kwa ulimi. Halafu akapaza sauti kuelekea langoni, akawaamuru wanawake wasifungue. Wakwe wale waliimba juani nyimbo zao zote, wakarudia za kwanza, wakamalizia na za kanisani, na hawakujua kamwe kwa nini familia yetu ilikuwa ngumu kiasi kile.

Birgit alichota maji, akabandika, kisha akaenda nyuma ya tangi. Nilimkuta ameziba uso kwa vitambaa vya sufuria, mabega yakitikisika. Nikajua basi, ameondoka. Hatangoja hata Desemba. Nilikimbia hemani nikamwambia baba, baba akamwambia Cucu, na kabla mukimo haujapondwa kulikuwa na kikao kidogo cha wazee waliokubaliana kwamba jina la nyumba limeharibika. Mjomba Kamau, msemaji wetu, aliongoza ujumbe kwenda kuomba radhi, na mbavu za mbuzi kwenye sahani.

Walianzia kwa Tata. Hakuacha kuponda.

"Nimwombe msamaha ya nini? Maji imemwagika ama haijamwagika?"

"Imemwagika," ikajibu sauti kutoka kando.

Birgit alikuwa amechuchumaa penye karai, mikono kwenye povu hadi viwikoni, majani ya malenge yamemganda kwenye nywele. Macho yalikuwa mekundu. Mjomba Kamau alisafisha koo, akaanza hotuba juu ya ukarimu wa watu wetu na kiti kinachomngoja.

"Asante, Mzee," akasema, "lakini sina nafasi sasa. Tata amesema hizi sahani ziishe."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akamwendea Birgit, akachutama upande wa pili wa karai na kuanza kusuuza. Nilisikia Birgit akimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonyesha zawadi asiyotaka kunyang'anywa: "Amenigombeza kama anavyowagombeza ninyi."

"Mimi alinigombeza mpaka nikazaa huyu," mama akasema, akinielekezea kijiko.

Birgit hakuondoka Desemba. Aliongeza mkataba, na ulipoisha akaongeza tena. Idi iliyofuata kochi lilitolewa uani kama kawaida, likakaa tupu. Yeye alikuwa ndani, na nasikia anjera zake za kwanza walipewa mbuzi. Mimi nilibaki nje na wazee na bei ya ndama, nikamlaumu Tata Njoki kwa kutuharibia maisha.

Nimemlaumu hivyo kwa miaka mingi kuliko inavyomstahili mtu mwenye shahada. Lakini mwaka jana nilialikwa Kitengela kwenye ruracio ya binti wa binamu yangu. Nilipotoka kwenye gari nilipokewa begi, nikaongozwa meza kuu, nikaambiwa nitasema machache kama msomi wa familia. Wimbo ulipoanza langoni niliinuka, na kijana mmoja mwenye adabu nzuri sana akanigusa begani.

Nilisubiri akaondoka, nikazunguka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na wasichana wa kampuni ya upishi, wamevaa kofia na aproni za rangi moja, wakichuja mukimo. Nilimwomba mmoja kisu. Akatabasamu, akapangusa kiti cha plastiki kwa aproni yake.

"Ukae tu hapa, Mum, usichafuke. Tutakuletea."

Tata Njoki alizikwa Matasia zamani. Nilisimama pale na mikono yangu safi, nikiwaangalia wakifanya kazi vizuri kabisa bila mimi, nikatamani mtu, yeyote yule, aniulize nimekuja kuolewa ama kusaidia.