Hodi, Mwenye Maji

Agatha wa Makote alipopata barua ya kwenda kupika kwenye kambi ya watoto kule ziwani, aliisoma mara ya kwanza akacheka, akaisoma mara ya pili akanyamaza. Kaeni vizuri niwaambie kilichomnyamazisha. Chini ya barua yaliandikwa majina ya watu atakaofanya nao kazi likizo ile ya mwezi wa sita, na mlezi wa wasichana alikuwa Mwalimu Rose wa Masasi.

Mumewe, Godwin, alikuwa uani anafunga mpira wa mashine ya salfa ya mikorosho. Akamwona mkewe amekaa kizingitini na karatasi mapajani.

"Kuna msiba, Mama Pendo?"

"Hakuna msiba. Rose atakuwepo."

Godwin akaacha mpira. Jina hilo alikuwa amelala nalo nyumba moja tangu siku ya harusi.

Sasa turudi nyuma kidogo, tusipotezane. Agatha alipokuwa darasa la tano walichaguliwa watoto kumi wa shule yao kwenda kambi hiyohiyo, kwenye ziwa lile lililo bondeni, upande wa mto Ruvuma. Watoto wa juu huku Newala wanakutana na watoto wa Masasi, wanajifunza nyimbo, kushona, kupanda miti, wiki nzima. Agatha hakuwa amewahi kuona ziwa. Makote ya utoto wake maji yalipanda kutoka bondeni juu ya kichwa cha mtu. Mama yake alitoka jogoo la kwanza akarudi jua limechomoza, na ndoo moja. Kila tone lililokuwa juu huku lilikuwa na mwenyewe, na kugusa maji ya mtu bila kuomba ni wizi kama wizi wa kuku.

Basi lori likawashusha, mtoto wa watu akaona maji yametandazwa mpaka macho yanachoka. Wenzake wakakimbia. Yeye akabaki amesimama na kikombe chake cha bati, akitafuta kwa macho nyumba ya tajiri mwenye maji yote hayo. Alipoona hatokei mtu, akapaza sauti kwa adabu, kama alivyofundishwa:

"Hodi. Mwenye maji yuko wapi? Naomba ya kunawa."

Nyuma yake alisimama msichana wa Masasi mwenye soksi nyeupe. Huyo ndiye Rose. Alicheka mpaka akakaa chini. "Ziwa halina mwenyewe, mshamba wewe," akasema. Halafu akainuka, akapiga goti mbele ya Agatha, akakinga viganja. "Au mwenyewe ni wewe? Hodi, Mwenye Maji, naomba ya kunywa."

Ikawa ndiyo salamu ya kambi. Asubuhi watoto wanapanga mstari: hodi, Mwenye Maji, naomba kuoga. Hodi, Mwenye Maji, naomba nikojoe. Wiki nzima Agatha hakulisogelea ziwa tena. Aliwaangalia wenzake wakiogelea, akarudi nyumbani hajalowa hata kisigino.

Bibi yake Cecilia alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Huyo mtoto kabila gani?"

"Mmakua."

"Basi ni mtani wako wewe Mmakonde. Mtani humpigi, humshtaki, wala hulii mbele yake. Unamrudishia. Mbele za watu, kama alivyokufanyia. Usipomrudishia, jina hilo utazeeka nalo."

Na kweli akaanza kuzeeka nalo. Alikwenda sekondari Masasi, jina likamtangulia getini. Siku ya harusi yake, wageni wa Masasi walipiga vigelegele, "Mwenye Maji kaolewa". Mpaka leo akishuka kwenye basi pale stendi ya Masasi na gunia lake la mbaazi, kuna mwanamume mzima na kitambi chake anamwita hivyo kutoka ng'ambo ya barabara. Miaka ishirini na sita.

"Mwezi wa sita mikorosho inaanza maua," Godwin alisema siku ile ya barua. "Unaniachia salfa peke yangu, uende kugombana na mwalimu wa watu?"

"Sigombani. Naenda kupika."

"Kwa uso huo?"

Tangu hapo Agatha aliingojea likizo kuliko watoto waliochaguliwa. Usiku wa mvua za mwisho alikuwa anatabasamu gizani, Godwin anauliza kulikoni, anajibiwa lala. Akiosha vyombo midomo inacheza. Alijaribu maneno yake mbele ya mbuzi, akayapunguza, akayaongeza chumvi. Mwezi wa tano alikwenda Newala mjini, akazunguka soko zima akitafuta kufuli dogo la shaba lenye ufunguo mmoja. Muuzaji, Hamudi, akamuuliza la sanduku au la mlango.

"La maji," akasema Agatha.

Maana alishajua sheria za kambi. Ziwa lile lina mamba, na lina kichocho. Siku hizi mtoto haruhusiwi kuyanywa maji yake wala kuyaingia. Maji ya kunywa yanachemshwa jikoni, yanapoozwa, yanawekwa kwenye pipa lenye koki, na pipa liko mikononi mwa mpishi. Mnaona alikokuwa anaelekea.

Siku ya kufungua kambi Mwalimu Rose ndiye aliyepewa na kila mtu shikamoo, ndiye aliyesoma sheria mbele ya watoto arobaini. Amenenepa, amevaa miwani, sauti ileile. "Ziwani asiende mtu. Maji ya kunywa yanatoka jikoni peke yake." Agatha alisimama na mwiko wake nyuma ya watoto, akaitikia kwa kichwa.

Watoto aliwapa maji kabla hawajaomba. Alikuwa akimwona mmoja analamba midomo anamwita mwenyewe, "Njoo, mwanangu." Kufuli lile alilolitia kwenye koki lilikuwa la mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuja. Rose alikuwa amekuja na katoni ya maji ya chupa kutoka Masasi. Siku ya kwanza anakunywa chupa. Siku ya pili anakunywa chupa, tena ameegemea nguzo ya jiko.

Esha, mpishi mwenzake, akamnong'oneza, "Dada, utakufa na kufuli lako."

"Katoni ina kitako," akajibu Agatha, akaendelea kuchambua maharage.

Siku ya nne, jua la saa saba, wakitoka kupanda miti, akaja mtoto anaitwa Faidha na kikombe. "Shikamoo. Mwalimu Rose anaomba maji."

"Marahaba. Kunywa wewe kwanza. Umeshiba? Haya, kamwambie Mwalimu, maji hapa hayaombwi kwa kutuma mtu."

Rose akaja mwenyewe, anajifuta shingo kwa khanga. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mikeka wanasubiri chakula, wote. Akakinga kikombe kwenye koki, akaliona kufuli. Akamtazama Agatha, na Agatha akamtazama yeye, na ndipo ilipojulikana kuwa hakuna aliyesahau.

"Agatha. Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Sisi ni watu wazima."

"Ndiyo maana nilikusubiri ukue."

Esha akageukia moto, mabega yanamtikisika.

"Mama Pendo, naomba maji," Rose akasema taratibu.

"Sivyo yanavyoombwa. Unajua yanavyoombwa."

"Mbele ya watoto? Mimi mwalimu wao."

"Mimi nilikuwa mbele ya nani?"

Rose akakitazama kikombe kitupu. Midomo ilikuwa imemkauka. "Na nikikataa?"

Agatha akaelekeza mwiko nyuma yake, ziwa linang'aa katikati ya mchana. "Lile pale, mtani wangu. Halina mwenyewe. Ulisema wewe."

Neno lile, mtani, likamfunga Rose mikono. Angekasirika, angekuwa ameshindwa, na kila mtu mzima pale alilijua hilo. Mmakua hamwachii Mmakonde ushindi wa hasira. Halafu akavua miwani, akapiga goti moja kwenye majivu, akakinga kikombe.

"Hodi," akasema. "Mwenye maji yuko wapi? Naomba ya kunywa."

"Sijasikia. Nina masikio ya mshamba."

"Hodi, Mwenye Maji."

Agatha hakuharakisha. Alitoa ufunguo kifuani, akafungua, akajaza kikombe mpaka kikamwagika na kulowesha mkono wa Rose hadi kiwikoni. "Karibu," akasema. "Kwetu maji ukiomba unapewa."

Rose akanywa akiwa bado amepiga goti, akarudisha kikombe kijazwe tena. "Tumemalizana?"

"Kwa leo. Jioni utasikia kiu."

Na jioni alisikia kiu, na kesho yake, na keshokutwa. Kila mara hodi, kila mara goti. Siku ya pili watoto walikuwa wanamwitikia kwa pamoja, siku ya tatu walikuwa wanamtangulia. Agatha alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala nyumbani kwake.

Ila kuna jambo hakulipiga hesabu. Jina alilokwenda kulizika, alilitia midomoni mwa watoto arobaini, na nusu yao ni wa Masasi. Mwezi wa nane alishuka stendi na gunia lake, kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, na nyuma yake amepakiwa msichana mwenye sare za shule. Faidha.

"Shikamoo, Mwenye Maji."

Agatha akasimama. Moyo ulitaka kuuma kama zamani, ila kwa shikamoo ile mbele yake ukakosa pa kushika.

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu wenu hajambo?"

"Mwalimu Hodi? Hajambo," akasema Faidha, na pikipiki ikaondoka.

Agatha alitua gunia lake palepale, watu wanampita kushoto na kulia, akacheka mpaka akakaa juu yake.