Sauti Nyuma ya Harusi za Watu

Kwa miaka ishirini na miwili nilipiga video za harusi hapa Bujumbura, na miaka yote hiyo mke wangu alisimama nyuma yangu ameshika taa. Hatukuwa na mtu mwingine wa kazi. Mimi nilibeba kamera, yeye alibeba taa na waya wake mrefu, tukaingia makanisani, kwenye kumbi za mjini, kwenye nyua za Buyenzi na kwenye bustani za wakubwa kule Kiriri. Watu walituita "ba kamera", yaani watu wa kamera. Tulikula mwisho, tukiwa tumesimama, kisha tukarudi nyumbani tukibishana kama keki ilikuwa nzuri au mbaya.

Alifariki miaka mitatu iliyopita, baada ya kuugua majuma machache tu. Baada ya arobaini nilikubali harusi moja. Taa niliifunga kwenye mguu wa chuma. Mara mbili niligeuka kumwambia asogee, na mara ya pili bibi harusi aliniona nikizungumza na chuma. Wiki iliyofuata niliuza kamera. Kisha nikahama Buyenzi, mtaa niliozaliwa, nikapanga vyumba viwili mtaa wa Carama. Buyenzi kila aliyenisalimia alinipa pole. Carama hapakuwa na aliyemjua mke wangu, na mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani hilo ndilo nililolihitaji.

Kitu nilichobaki nacho cha kazi ile kilikuwa disiki moja nyeusi yenye harusi zote. Kompyuta yangu iliungua siku moja umeme uliporudi kwa nguvu, na tangu hapo disiki ilikaa kabatini haina faida kuliko tofali. Binti yangu, ambaye ni mtoto wetu pekee na anaishi Ubelgiji, aliponisikia kwenye simu nikilalamika, alisema, "Baba, nunua tableti. Chukua ile kubwa kabisa, usihangaike."

Wiki ile mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani, kwa hiyo nilitembea karibu njia yote mpaka mjini kati. Mwenye duka alikuwa mtu mzima, miwani imesukumwa juu ya kipara. Nilimwambia nataka tableti kubwa kabisa.

"Unataka kuweka nini ndani, muzee?"

"Harusi. Zinafika mia sita."

Alishusha miwani akaniangalia vizuri. "Zako zote?"

"Za watu. Nilikuwa mpiga video."

Alicheka, lakini kwa wema, kisha akaichukua disiki yangu akaipima mkononi. "Mi nakwambia ukweli. Hata hii ya giga mia mbili hamsini na sita, harusi zako haziwezi kuingia zote. Utajaza, kisha utaanza kufuta. Utafuta gani?"

Niliitazama disiki mkononi mwake.

"Basi apana chukua kubwa. Hii ndogo ya giga makumi tatu na mbili nayo uache, programu zenyewe zitaimaliza. Chukua ya katikati, makumi sita na nne. Harusi zibaki kwenye disiki." Akaweka juu ya meza kisanduku cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni. "Disiki unachomeka humu. Kiko na batri yake, kinatoa wayifai yake. Tableti inashika ile wayifai, unatazama kutoka kule. Hakuna waya, hakuna kununua megabaiti. Umeme ukikatika unaendelea kutazama."

Sikuamini. Akachomeka disiki, akagusa kioo mara mbili tatu, na palepale katikati ya duka lake ikatokea harusi ya mtaa wa Ngagara ya miaka mingi iliyopita, mashangazi wakicheza kwa mikono iliyoinuliwa. Nilikuwa nimesahau hata rangi ya nguo zao.

"Na uzuri wake," akasema, "watu tano wanaweza kushika pamoja, kila mutu na telefone yake. Kwenu muko wangapi?"

"Tuko wengi," nikamjibu.

Sijui kwa nini nilimdanganya. Alifurahi, akanifungia vitu vyangu, akaniambia niwasalimie wote nyumbani.

Nyumbani kisanduku kiliniomba niandike neno la siri. Vidole vyangu vilikosea mara nyingi mpaka nikachagua pale palipoandikwa kwamba si lazima. Siku ile ile, baada ya sala ya alasiri, nilikaa kitandani, tableti magotini, nikaanza na harusi ya kwanza kwenye orodha.

Nitasema wazi nilichokuwa nikitafuta. Nilikuwa namtafuta mke wangu. Nilijua kuwa sitamwona, maana aliyeshika taa hayupo kwenye picha, lakini nilidhani katika harusi mia sita lazima kuna kioo, au dirisha, au mara moja ambapo kamera iliteleza. Siku nne nilitazama. Niliona bega lake mara moja, huko Kiriri, kwenye kioo cha gari lililopambwa maua. Bega na kipande cha kilemba. Nilisimamisha picha, nikaikuza kwa vidole viwili mpaka ikawa madoa tu.

Siku ya tano ndipo nilipotambua kwamba katika kila harusi alikuwa akizungumza. Maikrofoni ya kamera ilikuwa karibu naye kuliko ilivyokuwa karibu na maharusi. "Sogea kidogo, unakanyaga waya." "Yule baba amelala, usimpige." Kikohozi chake cha msimu wa vumbi. Mara nyingine alikuwa akihesabu chini chini sahani zilizobaki, kuona kama chakula kitatufikia. Miaka yote ile, nikikata na kupanga video, nilikuwa nikiifunika sauti yake kwa muziki kabla ya kuwapa wenye harusi. Kwa bahati zile nilizohifadhi mimi zilikuwa ghafi, kabla ya muziki.

Nikanunua daftari. Nikaandika harusi gani, dakika gani, alisema nini. Kisha nikajifunza kukata vipande vile na kuvihamishia kwenye tableti yenyewe, peke yake, mbali na harusi za watu. Kazi ya majuma sita. Nilipomaliza nikaangalia vimechukua nafasi kiasi gani. Havikufika hata giga moja. Nilikaa nikiitazama ile namba, nikijiuliza kama nimekosea mahali.

Ni katika majuma yale jirani yangu alipobisha mlango. Nilimjua kwa kumwona tu: mama wa miaka arobaini hivi, muuguzi, aliyepanga nyumba ya nyuma, ukuta mmoja na wangu. Alikuwa amevaa kitenge cha nyumbani na ameshika simu yake kwa mikono miwili.

"Muzee, unisamehe," akasema akiwa amesimama mlangoni. "Kuna wayifai inatoka kwako. Nilidhani ni internet, nikaingia. Nikakuta ni harusi."

Nilihisi joto la hasira usoni. "Tangu lini?"

"Wiki mbili." Akainamisha macho. "Ningeacha. Lakini nilimuona mama yangu."

Mama yake alifariki zamani, na katika ukoo hakukuwa na picha yake inayotembea. Lakini mama huyo alikuwa kwenye harusi ya kaka yake mwenyewe, mjomba wa jirani, na harusi ile nilikuwa nimeipiga mimi. Jirani alinionyesha kwenye simu yake: mwanamke mwembamba mwenye imvutano ya zambarau, lile vazi la Kirundi la kufunga begani, ameketi safu ya pili, anaficha uso kwa kiganja kila kamera inapomkaribia.

"Anaona haya," nikasema.

"Ngoja." Akaongeza sauti. Na kutoka mkononi mwa mtu nisiyemjua nikamsikia mke wangu akisema, karibu kabisa, "Mama, inua uso. Leo uko muzuri." Yule mwanamke akashusha kiganja, akacheka kwa meno yote.

"Huyu mama anayesema nyuma ni nani?" jirani akauliza. "Yuko katika harusi zote. Mi namusikia kila siku, nimeshamuzoea."

"Ni bibi yangu," nikasema. Katika Carama nzima ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.

Nilimkaribisha ndani. Aliketi kwenye kiti, mimi kitandani, tukaitazama harusi ile mpaka mwisho, yeye kwenye simu yake na mimi kwenye tableti, picha zake zikichelewa kidogo nyuma ya zangu, hivyo kila neno tulilisikia mara mbili. Hakulia wala sikulia. Baada ya hapo alikuja mara tano au sita, nikitengeneza chai, tukitazama hata harusi ambazo hazikumhusu. Aliuliza maswali kuhusu mke wangu ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: alipenda kula nini, taa ile ilikuwa nzito kiasi gani.

Kisha akahamishiwa hospitali moja kule mji wa Ngozi. Nilimwekea harusi ya mjomba wake kwenye flashi, nzima, bila muziki. Siku ya kuondoka, wakati vitu vyake vinapakiwa, aliniambia nisimame ukutani anipige video ya ukumbusho. Nilisimama. Miaka ishirini na miwili niliwaambia watu watabasamu, lakini siku ile sikujua mikono niiweke wapi. Nikaiweka mifukoni, nikaitoa, nikaipeleka nyuma.

Nyumba ya nyuma ilikaa bila mtu miezi miwili. Sasa kuna familia yenye kelele ambayo hatujazoeana nayo. Jirani alituma ile video kutoka Ngozi, nami nikaituma Ubelgiji. Binti yangu alipiga simu Jumapili.

"Baba, mbona umekonda hivi?"

Nikamwambia nakula vizuri. Nikasikia mtu akimwita kwa Kifaransa huko aliko, kisha akasema atakuja kwenye likizo. Nikamwambia karibu sana, mwanangu. Sikumuuliza likizo ipi.