Laptop ya Mwalimu Githinji

Nakumbuka mchana mmoja hapa Eldoret, mwanangu, nikiwa nimeketi sebuleni kwa watu niliowapenda, laptop imefunguliwa mezani mbele yangu, na vidole vyangu vikakataa kuigusa. Mama aliyekuwa ameniwekea chai alisubiri nimwambie kama nitainunua.

Jana uliniuliza laptop ya kwenda nayo chuo inachaguliwa vipi, na mfuko wenyewe ni huu wetu. Sikukujibu kwa sababu swali lako lilinirudisha mbali. Leo nina nafasi. Keti nikueleze.

Wakati huo nilikuwa msichana aliyekuzidi umri kidogo tu. Nilikuwa nimepanga chumba kule Kimumu, kwenye ploti, yaani nyumba za kupanga, ya Mama Chebet na mumewe, Mzee Birech. Wao ni wenyeji wa huku. Shamba lao la ng'ombe wa maziwa liko Kapseret, na Mzee alishinda huko siku nyingi. Mimi watu wangu ni wa kutoka Mkoa wa Kati. Nilikuja Eldoret kuchapa kazi za watu kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, mjini. Mlango uliofuata wangu alikaa Mwalimu Githinji, naye mtu wa kwetu, pamoja na mkewe Nyambura na mtoto wao Mumbi, aliyekuwa ndio kwanza anaanza kutembea. Mwalimu alifundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Hata Kiprono, kijana wa mwisho wa Mama Chebet, alipitia darasani kwake.

Mwalimu alikuwa na laptop, na mimi niliicheka siku ya kwanza kuiona. Ilikuwa nyeusi, nene, nzito kama tofali. Alikuwa ameitafuta kwa muda mrefu, akazunguka maduka ya Nairobi yanayouza mashine zilizotumika kwenye ofisi za ng'ambo, mpaka akaipata hiyo. Aliniambia, "Wanjiru, usiangalie uso wake. Angalia bawaba." Akafungua kifuniko, akakiacha nusu, nacho kikabaki pale pale, hakikuanguka wala kuyumba. Akainyanyua kwa kona moja, kwa mkono mmoja, na haikulia wala kupinda. Akanibonyezea kibodi katikati kwa kidole gumba, haikudidimia. "Mashine ya kazi inajengwa na mtu aliyejua itaangushwa," akasema.

Herufi M ilikuwa imeng'oka, akatafuta nyingine kutoka laptop iliyokufa na kuipachika. Ilikuwa ya kijivu wakati zingine zote ni nyeusi. Jioni nilipotoka kazini aliniruhusu nijifunze kwayo, Nyambura akinicheka kwamba nimeolewa na mashine ya mume wake. Ulikuwa wakati mzuri, mwanangu. Nakuambia hivyo ili ujue kwamba watu waliokuja kuumizana walikuwa wanacheka pamoja.

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa.

Sitakusimulia yote. Wengi wa wenyeji walisema wameibiwa kura, wakatugeukia sisi tuliotoka Kati. Moshi ulianza upande wa chini, halafu ukawa kila upande. Mwalimu alikuwa ameshatoa mke na mtoto asubuhi na mapema kuwapeleka kituo cha polisi. Mimi nilichelewa, nikabaki peke yangu kwenye ploti. Mama Chebet aliingia chumbani kwangu bila kubisha, akanishika mkono, akanivuta hadi kwa store nyuma ya jikoni yake, akanificha nyuma ya magunia ya mahindi. Akaniambia nisikohoe. Watu walikuja, wakauliza. Nilimsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wapangaji wote wameenda. Aliniletea uji kwenye kikombe cha watoto. Yule mama angeweza kuuawa kwa ajili yangu na alijua hivyo.

Hatimaye Mzee Birech alinitoa kwa pikapu ya maziwa, nimefunikwa turubai, hadi kambi ya wakimbizi. Huko ndiko nilikomkuta Nyambura, ameketi chini, Mumbi mgongoni. Hakulia aliponiona. Alisema tu, "Walimsimamisha barabarani, pale walipoweka mawe na magogo. Alikuwa anarudi kutuletea nguo." Chumba chao kiliporwa kwanza, kisha vitu vilivyobaki vikatolewa nje vikachomwa. Albamu za harusi, picha za mtoto alipozaliwa, kila kitu kiliisha. Nyambura aliondoka na mtoto kwenda kwa dada yake Nakuru bila picha hata moja ya mume wake. Ile ya kitambulisho alizikwa nayo mfukoni.

Nilirudi Eldoret mahindi yalipokuwa yamevunwa tena. Wengi walinishangaa. Lakini kazi yangu ilikuwa huku, na Mama Chebet alinipigia simu mwenyewe, akasema chumba changu kipo, ameshakipaka rangi. Saiba niliyofanyia kazi haikufunguliwa tena, kwa hiyo nikaamua kujichapia mwenyewe, kwenye kibanda karibu na ofisi za mawakili. Stima ilikuwa inapotea kila mara, na kompyuta ya mezani huzimika umeme ukikatika. Nilihitaji laptop.

Nilizunguka mji. Zile mpya nilizoweza kumudu zilikuwa plastiki tupu. Nilifanya kama Mwalimu alivyonifundisha: nikishika kona, inalia, nikibonyeza kibodi, inazama kama godoro, kifuniko kinacheza. Wauzaji walikasirika. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kununua ama kuvunja.

Mama Chebet akapata habari kwamba natafuta. Siku hiyo akaniita. "Wanjiru, kuja tu. Kuna moja hapa kwa nyumba. Ni ya Kiprono, aliiacha akienda kutafuta kazi Kampala. Inakaa bure. Nitakupea bei ya jirani."

Akaingia chumbani, akatoka nayo imefungwa kwa leso yake ya kujifunga. Akaiweka mezani, akamimina chai. Nikafungua leso. Nikaona rangi nyeusi, unene ule. Nikafungua kifuniko, kikabaki pale pale nilipokiacha.

Herufi M ilikuwa ya kijivu.

Niliiangalia ile herufi moja nikitumaini kwamba nimekosea, kwamba kuna watu wengi duniani waliopachika herufi ya kijivu mahali hapo hapo.

"Mbona umenyamaza?" Mama Chebet akaniuliza. "Ni ya zamani sana? Lakini bado ni ngumu."

Nikasema, "Mama, hii ni ya Mwalimu Githinji."

Aliweka birika chini polepole. Alikaa. Sikuwahi kumwona uso ule, na tangu hapo sijausahau.

"Nilijua ni ya mtu," akasema. "Sikutaka kujua ni ya nani."

"Kiprono aliileta lini?"

Alijibu akiangalia kikombe. "Siku ile. Wewe ulikuwa kwa store. Alipitia mlango wa mbele na wenzake nje wanamngoja. Nilimwambia aweke chini ya kitanda haraka, waende. Nilitaka tu waende, wasikupate."

Na mimi nikakumbuka, mwanangu. Nilikuwa nimeisikia sauti ya Mama Chebet siku ile, kupitia ukuta wa mbao, ikisema "Weka huko, weka huko." Kule nyuma ya magunia nilidhani wanashusha kuni. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyu, na dakika hiyo hiyo mali ya jirani yetu ilikuwa inasukumwa chini ya kitanda chake. Mikono iliyoniletea uji. Sikujua nimchukie ama nimkumbatie.

Nikafunga kifuniko. "Mama, uliniokoa na sitasahau mpaka nife. Lakini siwezi kuinunua hii. Hii inarudi kwa Nyambura."

"Ukirudisha, watauliza imetoka wapi," akasema. "Watamfunga mtoto wangu. Wanjiru, si mimi nilikuficha? Basi na wewe nifichie hii moja."

Hapo ndipo tuliposikia kiti kikisogea barazani. Mzee Birech alikuwa amerudi kutoka Kapseret na hatukumsikia. Alisimama mlangoni akiwa bado na gamubuti za zizini. Alimuuliza mkewe kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Hiki kitu kimekaa chini ya kitanda ninacholalia?"

Mama Chebet akainama.

"Mwalimu alikuja hapa kunisomea barua ya ushirika wa maziwa," Mzee akasema. "Alimfundisha kijana wangu. Na mimi nimelala juu yake mwaka mzima." Hakupandisha sauti. Kisha akanigeukia. "Na wewe usiipeleke. Hukuiiba wewe. Nitaipeleka mimi. Wewe utanionyesha nyumba."

Nilimwambia Nakuru si salama kwake. Watu wa kwao pia walikuwa wameuawa huko, nyumba zao zikachomwa. Mateso yale yalipita kila mlango. Akaniangalia tu, akaenda kubadilisha viatu.

Tulikwenda juma lile lile. Njiani alishika laptop mapajani kama mtu anayebeba mtoto mchanga wa mwingine. Mjini Nakuru tulinunua chaja kuukuu inayoingiana nayo, tukafika kwa dada yake Nyambura mchana. Nyambura alifungua mlango, akamwona Mzee, akarudi nyuma hatua. Nikaingia kati. Nikasema tumeleta kitu chake.

Alipofunua leso, alikaa sakafuni pale pale. Nilichomeka chaja, nikiomba kimoyomoyo. Mashine ile ilikuwa imebebwa mbio, ikasukumwa chini ya kitanda, ikakaa kwa vumbi mwaka mzima. Feni ikalia. Skrini ikawaka. Mwalimu alikuwa ameweka kama pambo la skrini picha yake mwenyewe akiwa amembeba Mumbi, wote wawili wamefumba macho kwa jua.

Nyambura alitoa sauti ambayo siwezi kukuelezea. Mumbi akaja mbio kutoka nje, akasimama mbele ya skrini, akaashiria. "Ni nani?" akauliza. Mtoto hakumjua baba yake. Hapo hata Mzee Birech alifunika uso.

Kulikuwa na picha nyingi ndani, na sauti yake akifundisha, na video ya mtoto akianguka na kuinuka uani Kimumu. Nyambura aliangalia mpaka akachoka. Kisha akafunga kifuniko, akamgeukia Mzee.

"Kijana wako alikuwa pale barabarani?"

Nilidhani Mzee atasema hapana. Baba yeyote angesema hapana. Alisema, "Sijui. Nimemuuliza kwa simu. Hajanijibu. Nimemuuliza tena, akazima simu."

Dada yake Nyambura alileta chai. Mzee hakuigusa, na hakuna aliyemhimiza. Tulipoondoka, Nyambura alinikumbatia mimi. Kwa Mzee aliinamisha kichwa tu, kidogo, kama unavyomwitikia mtu usiyemjua.

Kiprono hakurudi kutoka Kampala. Mzee aliaga dunia akiwa bado hajajibiwa. Mimi nilihama nikaenda Kiplombe, lakini sikuacha kumtembelea Mama Chebet hadi alipozeeka kabisa. Nilimpelekea sukari, tukaongea juu ya mvua. Alikuwa ameniokoa, na alikuwa amenyamaza. Nimejaribu kuondoa jambo moja ili nibaki na lingine, nikashindwa. Nyambura aliitumia laptop ile miaka mingi, akaiongezea kumbukumbu na diski mpya, na Mumbi alifanyia kazi zake za shule juu yake.

Mimi nilinunua ya aina ile ile, kuukuu ya ofisi, kutoka duka lenye mlango na jina, lililonipa risiti. Ndiyo iliyonijengea biashara na kunifikisha hapa.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Pesa yako ni kidogo, kwa hiyo usinunue kung'aa. Tafuta mashine iliyotengenezewa kazi, hata kama imetumika, kuliko mpya ya plastiki itakayovunjika bawaba kabla hujamaliza mwaka wa pili. Ishike kona moja uinyanyue. Fungua kifuniko uone kama kinasimama. Bonyeza kibodi katikati, andika mistari mizima, si jina lako tu. Chomeka chaja uisukume kidogo pembeni, ikilegea, acha. Keti nayo dukani bila stima uone betri inashuka vipi. Muulize fundi kama kumbukumbu na diski vinaweza kubadilishwa, kwa sababu hapo ndipo mashine ya bei nafuu inapata maisha ya pili. Usione haya muuzaji akinuna.

Kisha muulize imetoka wapi. Muulize ukimtazama usoni, na umwombe risiti yenye namba ya mashine. Akianza kukuambia ni ya ndugu aliyesafiri, mshukuru uondoke, hata kama bei ni nafuu kiasi cha kukutoa machozi. Na ikitokea siku moja umeshika kitu cha mtu aliyeumia, hata kama aliyekupa ni mtu aliyekutendea mema makubwa, usikifunike. Kirudishe, na umheshimu aliyekutendea mema kwa kumwambia ukweli.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Akupe kazi halali na majirani wa kweli, na chochote utakachomiliki uweze kukiweka mezani mbele ya mgeni yeyote bila kuogopa. Enda salama.