Mwenye Nafuu

Nilikuwa karani wa mapokezi kwa Dokta Lorna Haugen, mwanasaikolojia mjini Duluth, Marekani, na ujanja wa kampuni za bima niliujua vizuri. Ukiwaandikia kwamba mgonjwa ana nafuu, wanasema basi amepona, malipo yanatosha. Ukiwaandikia hana nafuu, wanasema matibabu hayafai, inatosha. Huku umefungiwa mlango na kule umefungiwa.

Gus Maki, dereva wa treni ya madini ya chuma, alifiwa na mkewe gari lake lilipopasua barafu ya ziwa lililoganda, likazama. Alikuja kwetu akiwa halali usingizi wala hali chakula. Baada ya miezi kadhaa akaanza kula tena, na Dokta, asiyejua kusema uongo, akaandika: ana nafuu. Kampuni yake ya bima ikakataa kulipia vikao zaidi vya matibabu.

"Si ungeandika anataka kujiua?" nilimfokea. "Wenzako ndivyo wanavyofanya."

"Halafu kesho wamtoe kwenye treni, Patty? Kazi ndiyo inayomwamsha asubuhi. Na hata hivyo, si kweli."

Dokta akampigia kwa spika ya simu mkaguzi wa kampuni, kijana aitwaye Todd, ambaye hata sura ya Gus hakuijua. Todd akasema uamuzi umeshatoka, tena mkataba unamkataza Dokta kumwambia mgonjwa kwamba ni kampuni iliyokataa. Aseme tu matibabu yamekamilika.

Dokta hakupandisha sauti. Alinituma nimwite Gus kutoka chumba cha kungojea, akamwambia huku Todd akisikia: "Bima wamekataa kulipa, Gus; wanasema una nafuu, inatosha. Mimi sijakataa. Unataka kuongea nao?"

Gus akavua kofia yake ya sufu, akaisogelea simu.

"Wewe ndiye Todd? Mimi ndiye huyo mwenye nafuu. Hebu niambie mwenyewe kwamba nimepona."

Tukasikia karatasi zikipekuliwa upande wa pili.

"Sema, bwana, umemeza ulimi? Dokta wangu hajui kusema uongo. Wewe unajua."

"Bwana Maki, mimi... sikusomea mambo hayo."

"Basi tuko wawili," Gus akasema, na ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza.

Wiki hiyohiyo walimrudishia vikao, ila Dokta, kwa kuvunja mkataba, wakamfuta kwenye orodha ya madaktari wanaowalipa. Gus atafute mtu mwingine, walisema.

Alikuja siku yake ya kawaida, akakung'uta theluji viatuni, akapita mezani kwangu. Nikamkumbusha kwamba bima hailipi tena hapa, itabidi alipe mwenyewe.

"Sijakuuliza, Patty," akasema, akafungua mlango wa Dokta.