Kikapu cha Mwalimu Desmond

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya michezo, nilikuwa uwanjani nachora mistari kwa chokaa, na tayari nilikuwa hoi. Nje ya geti akina baba walishapanga foleni na maturubai yao ya buluu ya kukalia, kila mmoja akiwinda mahali pa mbele pa kumpigia mwanawe picha. Chekechea yetu ina watoto sitini tu, lakini siku hiyo huja mpaka shangazi wa jirani. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, na kila Oktoba huapa kwamba naacha.

Nilipoingia stoo kuchukua bendera, nilimkuta Mwalimu Desmond ameketi kwenye magodoro ya mazoezi, amekunja suruali, anajifunga bendeji gotini. Goti lenyewe lilikuwa limevimba kama boga.

Desmond ni mtu wa New Zealand, mrefu wa kuinama kila mlangoni, na amewafundisha watoto wetu Kiingereza miaka kumi na minne. Nywele zimemwishia hapa hapa kwetu. Kila mwaka mchezo wa mwisho kabla ya chakula cha mchana ni wake: anavaa kikapu mgongoni, anakimbia, na watoto wote wanamkimbiza wakitupia humo vimpira vya kitambaa vilivyojazwa maharage. Timu moja inatupa vyekundu, nyingine vyeupe.

"Mwalimu, goti hilo limekuwaje?"

"Aa, halina neno," akasema, akishusha suruali haraka.

"Halina neno wapi! Limekuwa kubwa kuliko kichwa changu."

Akacheka kidogo. "Daktari alinikataza kukimbia tangu Juni. Amesema likiumia tena, huenda nisiweze tena kusimama darasani."

"Na Mwalimu Mkuu umemwambia?"

"Nitamwambiaje, Mwalimu Chizuru? Kila mwaka ananiwekea mchezo huu kwa heshima. Ataona namtupia zawadi yake usoni. Ukweli ni kwamba sijawahi kuupenda. Mwaka wa kwanza nilikubali kwa kuwa nilikuwa mgeni. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza."

Kila Septemba tunapopanga ratiba, Mwalimu Mkuu Kuwabara husema, "Kikapu kisiguswe. Ndiyo furaha ya Mwalimu Desmond." Nasi sote tunaitikia kwa vichwa. Mwaka juzi tulifuta ngoma ya darasa langu, niliyoifundisha wiki tano, ili yeye abaki na furaha yake! Hasira zikanipanda, nikamwonea huruma, kisha uchovu ukashinda vyote. Huku kwetu hatumuulizi mtu jambo litakalomlazimu kukataa. Tunaita adabu. Adabu hiyo ndiyo ilikuwa imemla goti.

Nikamfuata Mwalimu Mkuu hemani, alikokuwa akijaribu kipaza sauti.

"Mwalimu Mkuu, leo Desmond asikimbie."

"Kwa nini? Amekulalamikia?"

Ningesema ndiyo, Desmond angeomba radhi mpaka mwaka mpya. "Hapana. Ni mimi. Ninakitamani kile kikapu."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe? Siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Maskini! Ungesema tangu zamani. Basi kamwombe mwenyewe, akikubali mimi sina neno."

Nikarudi stoo. "Mwalimu Desmond, naomba uniachie kikapu."

Alielewa papo hapo. Akasimama kwa mguu mmoja akainama chini sana kunishukuru, kuliko hata sisi wenyeji tunavyoinama, nami nikaangalia pembeni kwa sababu macho yalikuwa yananichoma.

Mimi ni mfupi. Kikapu kilinifika makalioni, na watoto wa miaka mitatu walijaza vimpira bila hata kuruka. Vingine vilinipata shingoni, vingine masikioni.

"Kimbia, Mwalimu!" baba mmoja akapiga kelele. "Hao bado wananyonya!"

Nilikimbia mpaka nikaona nyota. Filimbi ilipolia nililala chali kwenye chokaa niliyoichora mwenyewe. Desmond alikuwa ameketi hemani, mguu juu ya kreti la mapea, akihesabu vimpira kwa kipaza sauti na uwanja mzima ukihesabu naye. Weupe walishinda kwa vitatu. Baadaye nilimwona akila wali wake taratibu, anatazama mashindano ya kuvuta kamba. Miaka kumi na minne, na hakuwahi kuitazama siku yetu ya michezo akiwa amekaa.

Septemba iliyofuata tukakaa kupanga ratiba. Mwalimu Mkuu akagawa karatasi. Kabla ya chakula cha mchana: kikapu, Mwalimu Chizuru.

"Tulifikiria kuufuta, siku imekuwa ndefu," akasema akitabasamu. "Lakini nani angethubutu kukunyima furaha yako?"

Wote wakaitikia kwa vichwa, isipokuwa Desmond. Aliweka kalamu chini, akafanya jambo ambalo hapo ofisini halifanywi.

"Mwalimu Chizuru," akauliza mbele ya watu wote, "unataka kweli?"

Miaka ishirini na mitatu nilikuwa nimengoja mtu mmoja aniulize hivyo. Nikamtazama Mwalimu Mkuu, na lile tabasamu lake.

"Nataka sana," nikasema, nikainamisha kichwa.