Muuaji Wangu wa Sayari Nyingine

Mtanicheka, na nastahili. Mimi ni mlezi wa wazee hapa Birmingham. Kwenye basi huwa najirekodi kwa simu nikitunga hadithi ya mapenzi: askari wa sayari nyingine aliua wengi, sasa ametupa silaha na ananipenda. Juzi, nikiharakisha kushuka Small Heath, nikabonyeza vibaya, na kipande kisichotaja sayari kikaenda kwenye grupu la maombi la kanisa letu. Kufika jioni, akina mama walishaanza kufunga na kumwombea muuaji wangu.

Jumapili nikasimama mbele, nikichekacheka kama mpumbavu, niwaambie mtu huyo hayupo. Kabla sijasema, Papa Bahati, Mkongo mpole anayetupangia viti, akainuka.

“Dada,” akaniuliza, “ni nani alikuambia mambo yangu?”