Kilichoijaza Kompyuta ya Verner

Verner Krogsgaard si mtu wa kuomba msaada. Huu ni mwaka wa thelathini na moja anatunza shule yetu hapa mjini Hurup, na miaka yote hiyo watu ndio wanaomfuata yeye: mlango umekwama, bomba linavuja, mtoto kajifungia chooni. Anatembea na rundo la funguo kiunoni, na walimu husema wakizisikia zinakuja wanajua shida imekwisha. Mwenyewe hasemi. Ukimuuliza hali, anatazama mawingu kwanza, halafu anasema, "Si mbaya," na hapo umepata hotuba yake ya wiki nzima.

Kwa hiyo Jumatano ile ya Aprili alipoingia maktaba na kompyuta yake ndani ya mfuko wa dukani, nilijua maji yamemfika shingoni. Kila Jumatano asubuhi tunakaa pale, sisi wastaafu wachache tunaojifanya tunajua kompyuta, tukiwasaidia wenzetu ambao hawajifanyi. Kahawa iko kwenye chupa, na kuna mikate mitamu ambayo daktari wangu hajui habari zake. Mimi ni Karna. Kabla ya kustaafu nilikata tiketi kwenye kituo cha treni miaka ishirini na sita, na subira sina, sitadanganya.

"Imejaa," alisema Verner, akaiweka mbele yangu.

"Imejaa nini?"

"Sijui. Inasema imejaa. Wiki ya tatu hii."

"We bwana, si unasoma barua na hali ya hewa tu humu?"

"Ndiyo."

"Barua hazijazi kompyuta."

"Basi tafuta," alisema, akavuta kiti.

Nikatafuta. Pipa la taka lilikuwa na picha tatu za mfereji wa paa. Kwenye vitu vilivyopakuliwa nilikuta kitabu cha maelekezo ya mashine ya kuoshea vyombo, kimepakuliwa mara kumi na moja, maana kila alipotaka kukisoma alikivuta upya. Nilimcheka, naye hakujali. Nikafuta vyote hivyo, na nafasi iliyopatikana haikutosha hata kushusha pumzi. Basi nikaziamrisha folda zote zijipange kwa ukubwa, nzito juu. Ya kwanza peke yake ilikuwa imekula gigabaiti mia mbili na kumi kati ya mia mbili na hamsini. Iliitwa "Mimi".

"Mimi ni nani?" nikamuuliza.

Verner alitazama dirishani. "Dagny," alisema.

Dagny ni mtoto wake wa pekee. Ruth, mama yake, alifariki msichana akiwa na miaka kumi na minne, na Verner akamalizia kumlea kwa mikono ile ile ya kuzibulia mabomba. Alikuwa akimsuka nywele asubuhi kabla ya shule, na shule nzima ilijua siku ambayo baba kachelewa kuamka. Mtoto hakulalamika hata siku moja. Alipokua akampata kijana wa Visiwa vya Faroe, wakahamia Klaksvík, na huko akapata kazi ya kulea watoto kwenye shule ya chekechea.

Sasa Verner ndege anaiogopa, wala haoni aibu kulisema. Meli ipo, lakini ni siku moja na nusu baharini, na yeye hutapika hata kwenye boti ya kuvuka ghuba. Dagny alimjua baba yake. Miaka mitano iliyopita alikuja likizo, akakaa na kompyuta ile jioni moja tu, akamtengenezea kitu. Mji wa Klaksvík una kamera ya barabarani, ya kuwaonyesha watu hali ya hewa, na mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye intaneti. Dagny huenda kazini saa mbili kasorobo. Akaipanga kompyuta ijirekodie yenyewe kila asubuhi ya kazi dakika ishirini za kamera ile, kuanzia saa mbili kasoro dakika ishirini, maana muda huo baba yuko shuleni anafungua madarasa. Jioni baba akirudi anakata mkate wake wa shayiri nyeusi, anapaka ini lililosagwa, anafungua folda, na binti yake anapita mbele ya duka la mikate linaloonekana kwenye kamera na kumpungia mkono.

Haya yote alinieleza vipandevipande, na katikati ya kila kipande ungeweza kulala.

"Kwa hiyo umekaa na miaka mitano ya asubuhi humu," nilisema.

"Ndiyo."

"Na bado anakupungia?"

"Hapana."

Nilimmiminia kahawa, nikangoja. Treni zilinifundisha hilo angalau.

Dagny alijifungua mtoto wa kike, akampa jina la Ruth. Ubatizo ukawekwa Februari, mwaka juzi. Verner aliahidi kwenda. Alinunua suti, akafunga begi, akafika uwanja wa ndege, akakaa kwenye kiti saa mbili nzima akiwatazama wenzake wakipanda, kisha akarudi nyumbani na basi. Usiku ule Dagny akapiga simu.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Baba, mimi si kipindi cha televisheni. Ukitaka kuniona, njoo. Kuanzia Jumatatu sikupungii tena, na ukinichokoza nitapita njia nyingine kabisa.'"

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikasema sawa."

Nilitaka kumpiga na kijiko. "Ukasema sawa?"

"Ningesema nini, Karna? Alikuwa na haki."

Jumatatu ile alipita bila kupunga. Jumanne na Jumatano vile vile. Alhamisi hakuonekana kabisa, na tangu siku hiyo barabara imekuwa tupu. Verner akaelewa kwamba binti ametimiza neno lake. Hakumpigia simu kumuuliza, maana aliona kuuliza ndiko kumchokoza kwenyewe. Krismasi inakuja kadi yenye majina matatu, basi. Lakini kompyuta iliendelea kurekodi, na yeye aliendelea kutazama kila jioni, dakika zote ishirini, huku mkate unakauka mkononi. Hadi wiki tatu zilizopita, diski ilipojaa.

"Sikia," nilimwambia, nikajitahidi kuwa mpole. "Hii miaka miwili ya mwisho hayumo. Tunaifuta. Zile anazokupungia zinabaki, na utapata nafasi ya kutosha."

"Usifute."

"Barabara tupu unaitakia nini?"

"Labda yumo. Labda sikutazama vizuri." Alikuwa ameweka kiganja juu ya kompyuta, kwenye vitufe, hata nisingeweza kubonyeza kitu. "Namtamani mwanangu, Karna. Nimezoea kumtafuta. Nikiacha kumtafuta nitafanya nini saa kumi na mbili jioni?"

Sikumtarajia Verner kusema maneno hayo, na nadhani hata yeye hakujitarajia. Mzee mmoja wa meza ya pili aliinamia simu yake kwa bidii nyingi.

Ili nimwonyeshe kwamba hayumo, nikafungua video ya karibuni kabisa, tukaitazama pamoja. Lami yenye maji, magari mawili yamefunikwa umande, duka la mikate limeshusha pazia la chuma. Hakuna mtu. Nikafungua nyingine ya mwaka jana. Vile vile. Nikafungua ya zamani, ya miaka ile ya kupungiana, na hapo barabara ilikuwa na watu: mwenye mbwa, watoto na mabegi, duka liko wazi, taa za njano ndani.

"Hili duka lilifungwa lini?" nikauliza.

"Siku zile zile. Nilijua limefilisika. Nikasema moyoni, kumbe kila kitu kimeondoka pamoja."

Nilirudi kwenye ile ya karibuni, nikaisogeza mpaka mwisho. Kwenye dakika ya ishirini, sekunde chache kabla picha haijakatika, pazia la duka likaanza kupanda, kitu ambacho mtu anayemtafuta binti yake barabarani hakioni. Nikafungua ya siku iliyotangulia. Pazia likapanda pale pale. Duka lilikuwa zima. Lilikuwa linafunguliwa wakati kompyuta inaacha kutazama.

Hapo nikakumbuka.

Mwaka juzi, Februari ile ile, Verner alileta kompyuta hii hapa hapa. Alikuwa ameshindwa kufungua barua ya serikali. Nilimfungulia, na kabla ya kumrudishia nikaona saa ya kwenye kona iko nyuma. Siyo dakika mbili tatu, ni saa nzima. Mimi nimeishi na saa za treni, siwezi kuiona saa inayodanganya nikaipita. Nikaisogeza mbele, na nikajisifu kabisa. Hata sikumuuliza mwenyewe. Visiwa vya Faroe vimo katika ufalme wetu, bendera zetu zinapepea pamoja, kadi za Krismasi zinabandikwa stempu zenye mfalme yule yule, na ni nani hapa Hurup anakumbuka kwamba kule wako nyuma yetu kwa saa moja? Dagny alikumbuka. Alikuwa ameiweka saa ya kompyuta ya baba yake ifuate saa za kwake.

"Verner," nilisema. "Saa yako ilikuwa nyuma kwa saa nzima."

"Ile ni ya Dagny."

"Niliisahihisha. Mimi. Siku ya ile barua. Tangu siku hiyo mashine inarekodi saa nzima kabla binti hajatoka nyumbani." Nikamgeuzia kompyuta aone. "Huenda hakubadilisha njia. Yaani hatujui kama alibadilisha. Hizi video hazituambii chochote, ni kosa langu, na naomba unisamehe."

Verner akanywa kahawa yake yote, akaweka kikombe chini.

"Leo keshapita?" aliuliza.

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu kwetu. "Keshapita."

"Kesho, basi. Uje."

Siku ya pili Verner aliomba ruhusa shuleni, mara ya kwanza tangu mazishi ya mkewe, na mwalimu mkuu akashtuka hata akasahau kuuliza sababu. Nilifika kwake saa mbili na nusu. Alikuwa amevaa shati la kola. Kompyuta ilikuwa katikati ya meza ya jikoni, na ameifuta vumbi. Safari hii hatukurekodi, tulifungua kamera yenyewe. Chini ya picha waliandika kwamba inachelewa sekunde arobaini nyuma ya mambo yenyewe, nikamsomea, akaitikia kwa kichwa.

Kule kulikuwa na mvua. Duka la mikate liko wazi, taa za njano ndani. Akapita mwenye mbwa, mbwa mwingine si yule wa zamani. Saa tatu kasorobo yetu hakuja mtu. Dakika mbili zikapita, na nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia.

Ndipo mwanamke akatokea juu ya barabara, kofia ya mvua imefunika nywele, kamshika mkono mtoto mwenye koti jekundu. Walikuwa wanakuja polepole, maana kila dimbwi mtoto alilikanyaga kwa miguu yote miwili. Mwanamke hakutazama kamera. Alitazama chini, kama mtu anayepita tu.

"Ndiye?" niliuliza, swali la kipumbavu.

"Nyumba yao iko nyuma ya kanisa," alisema Verner. "Nimeiona kwenye ramani. Chekechea iko upande ule ule, dakika nne kwa miguu. Huku chini hana haja ya kupita."

Sikuelewa mara moja.

"Huku ni kuzunguka," alisema. "Alikuwa anazunguka kwa ajili yangu. Bado anazunguka."

Akachukua simu, akabonyeza, akaiweka mezani na sauti juu ili nami nisikie. Iliita mara mbili.

"Baba?"

Kwenye picha Dagny alikuwa bado anatembea, simu iko mfukoni, hajui kama inaita. Sauti yake ilikuwa jikoni tulipo, na mwili wake ulikuwa bado uko nyuma, mvuani, umemshika mtoto.

Verner aliisogeza kompyuta karibu, macho kwenye ile picha.

"Baba, kuna nini? Unaumwa?"

"Si mbaya," alisema. Akameza mate. "Unapita njia ndefu."

Dagny akasema, taratibu, "Kila siku." Na baadaye kidogo, kwa sauti ya kitoto ambayo sijaisikia tangu alipokuwa akija kituoni kwangu na tiketi ya wanafunzi: "Ulikuwa unaniona?"

Nilimtazama Verner. Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka kwa moyo wangu wote, na kama ningeweza ningemsemea.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Miaka miwili sijakuona. Nilikuwa natazama saa isiyo yako."

Kwenye simu ikasikika mvua. Sisi wawili tukabaki tunangoja picha ifike. Dagny akatoa simu mfukoni, akaitazama, akaiweka sikioni. Akasema neno, akasema lingine. Kisha akasimama kabisa, akasikiliza, na akakaa chini kwenye ngazi ya duka la mikate, kwenye maji, huku mtoto akimvuta mkono ainuke.